Joto la Mama Mkwe

Tangu dizeli na kuni zipigwe marufuku, hita ya gari tunamoishi huchoma mafuta yanayofyonzwa kwenye miili yetu wenyewe. Hapa Kitulo baridi haina huruma, na mwezi mzima tumeota moto wa mama mkwe wangu. Gari zima linanuka kikaango. Hata mswaki wangu unanuka. Kinyaa kitupu!

"Lusajo, lizime hilo dude, nitatapika," nilimwambia mume wangu.

"Mama ataganda," alijibu.

Mama mkwe, aliyebaki mifupa chini ya blanketi, alinisogezea bakuli la viazi vinavyoogelea kwenye siagi.

"Kula, mkamwana. Mimi nimeisha."

Nilipomeza kiazi cha tatu, nilimwona Lusajo akinipima kiuno kwa macho.