Alama ya Chaki

Fundi Sengulo alichora alama ya chaki katikati ya jiko la Bi Zuhena. "Sinki litakaa hapa, mama, kama kwenye picha aliyonitumia mwanao. Kesho navunja sakafu."

Bi Zuhena, aliyeosha vyombo chini ya dirisha miaka thelathini, alimtazama kama mtu aliyenusa dagaa waliovunda. "Mwanangu huyo hajaosha hata kijiko. Maji machafu yakigoma kutoka, nitakayeyazoa ni mimi. Wewe je, ukoko wa ugali umewahi kuusugua?"

"Mimi kazi yangu mabomba, mama."

"Haya basi, kitendawili!"

Fundi akachekea puani. "Tega."

"Hana macho, hana mwalimu, lakini njia ya kuteremka haulizi mtu."

"Nyoka."

"Nyoka! Na bado unajiita fundi wa mabomba."

Akachota kopo la maji, akayamwaga juu ya ile chaki. Maji yalisita kidogo, kisha yakakata jiko zima kuelekea kwenye tundu la zamani la kutolea maji, chini ya dirisha. Fundi alikuwa amesimama njiani. Akainua kiatu kimoja, kisha cha pili, kuyapisha.