Punda wa Nne

Askari alimwaga ndoo ya pili ya maji ukutani, akahakikisha yamelowesha lipu kuanzia magoti ya Yosefu hadi kwenye hori, kisha akaificha ndoo nyuma ya mlango wa kanisa la gereza. Rangi ya mafuta haishiki kwenye lipu mbichi. Ndoo mbili zilikuwa siku tatu za uhai.

Uhai wenyewe ulikuwa wa Fundi, mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa, ambaye alikuwa akichora kuzaliwa kwa Yesu kwenye ukuta mzima wa nyuma ya altare. Siku ya kwanza mkuu wa gereza aliwatangazia wote wawili: kitanzi kitasubiri hadi picha iishe. Askari alikuwa amekwisha kusindikiza watu sita kwenye kile chumba cha mwisho. Hakumtaka wa saba.

Basi picha haikuisha.

"Leo ongeza punda," alimwambia Fundi akimfungua pingu.

"Afande, punda wameshafika watatu. Huyu mama amekuja kujifungua au kufungua mnada wa mifugo?"

"Wewe ongeza. Mamajusi je?"

"Sita."

"Maandiko hayakutaja idadi yao."

Fundi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukuta hadi kilipopita. Kiganja chake kilitoka na maji. Alikitazama, akamtazama askari, akakipangusa kwenye suruali.

"Unanuka kama kisima, ukuta huu."

"Ndiyo dawa yako hiyo. Vumilia."

Kitu kimoja hakikuguswa kabisa. Ndani ya hori, katikati ya nyasi zilizochorwa unyasi mmoja mmoja, palibaki weupe mtupu wenye umbo la mtoto. Fundi alisema siku atakayochora uso ule atakuwa amejivisha kitanzi kwa mkono wake mwenyewe.

Kila Ijumaa mkuu aliuliza akiwa mlangoni mwa ofisi yake.

"Kafika wapi?"

"Bado, mkuu. Ukuta una unyevu."

"Mwambie akaze mwendo. Nina haraka kuliko yeye."

Askari alipiga saluti na kumchukia. Mkuu aliamuru hata minyororo ya miguu iondolewe. Askari aliona wazi kwamba ni ili mtu apande ngazi upesi na kazi iishe upesi. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona uchu wa namna hiyo.

Mwaka ulipita, mwingine ukaanza. Daktari wa gereza aliweka sikio kwenye mgongo wa Fundi na kusema ni mapafu, na kwamba mtu huyu aondolewe kwenye ubaridi. Askari alilipima jambo hilo kwa makini. Mapafu humchukua mtu kidogo kidogo na huenda yakapona. Kamba humchukua saa mbili asubuhi, na hakuna aliyepona. Akaenda bombani kujaza ndoo.

Fundi alifariki Jumanne, akiwa ameketi chini ya ngazi, kichwa amekiegemeza kwenye kwato za punda wa nne. Brashi ilikuwa bado mbichi. Askari alimfumba macho, akakaa naye kidogo. Alilia. Lakini chini ya kilio kulikuwa na kitu kinachofanana na ushindi, na hicho ndicho alichokipeleka ofisini.

"Mkuu, Fundi amekufa. Kifua. Kamba imemkosa."

Mkuu, aliyekuwa amesimama, akakaa. Akavuta droo, akatoa karatasi yenye mhuri wa serikali, akaisukuma hadi ukingo wa meza. Askari aliona tarehe kwanza: ilikuwa imepita mwaka na miezi miwili. Kisha akaona neno msamaha.

"Nilijua akiiona tu atatupa brashi," mkuu alisema taratibu. "Nikasema amalize ukuta, jioni ileile akalale nyumbani kwake."

Akainua macho.

"Sasa wewe uliyeshinda naye kila siku, hebu niambie. Ni nini hasa kilichokuwa kinamchelewesha?"