Swali la Bwana Szabo

"Ukifa leo," aliuliza Bwana Szabo, "utamwachia mtu macho yako?"

Mwanamitindo aliyekaa mbele yake, msichana mrefu wa nywele nyekundu, alishtuka. Midomo yake ikaachana kidogo. Usoni pakapita kitu ambacho si hofu wala si furaha. Hapo hapo taa ikamulika.

"Asante, mwanangu. Anayefuata!"

Ndivyo Vernon Szabo alivyofanya kazi, na ndivyo alivyogeuza mitindo ya Marekani nzima. Kila mtu alimpiga picha kwenye kiti kile kile, mbele ya ukuta ule ule wa samawati iliyopauka. Hakuwa na feni ya kupeperusha nywele, wala mpambaji, wala muziki. Picha ilikuwa moja, haina kurudiwa, tena ndogo kama stempu. Majarida ya New York ndiyo yaliyozikuza zikawa kubwa kama milango, na wajuzi wakaandika kurasa kwa kurasa juu ya lile swali la macho. Walisema hajawahi kutokea mpigapicha mwenye ujasiri wa kumkumbusha mrembo kifo chake.

Walimwita Paris. Alijibu kwamba likizo yake ni Agosti, na Agosti anakwenda kuvua samaki.

Basi warembo walimfuata wao. Walivuka mto hadi Jersey City, wakachukua namba mlangoni, wakakaa kwenye viti vya plastiki pamoja na mafundi bomba na akina mama wenye watoto. Szabo hakubagua sura, na hilo nalo wajuzi walilisifu sana.

Siku hiyo Tamsin Kowalczyk alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, namba yake imelowa jasho mkononi. Kila jarida lilikuwa limemkataa. Wakala wake, Bi Roz, alikuwa amemwambia waziwazi, "Niletee picha ya Szabo, au rudi Scranton kwa mama yako. Sina la ziada." Na huko Scranton mama yake, mshonaji, alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe atatokea kwenye jalada.

Pembeni yake alikaa Corinne Vasquez, yule yule ambaye uso wake ulikuwa kwenye mabango ya mji mzima. Corinne alimtazama, akakata mkate wake wa jibini katikati, akampa kipande kikubwa.

"Kula, mdogo wangu. Ukizimia hapa watairuka namba yako."

"Asante, dada. Lakini wewe si ulishapigwa?"

"Nilipigwa. Nikaipoteza." Corinne akakonyeza. "Sasa nimeipoteza tena. Leo mzee ataninyonga."

"Na mimi nikiharibu je?"

"Utaharibu nini? Kaa, jibu, ondoka. Shida iko kule nje, kwa Bi Doris. Roz amekufanyisha mazoezi lakini?"

"Mazoezi ya nini?"

"He! Makubwa haya!" Corinne alishika mdomo. Lakini namba ya Tamsin ikaitwa, naye akaruka kama aliyekalia siafu.

Bwana Szabo alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta lililotiwa kiraka kiwikoni. Hakumtazama usoni mara moja.

"Jina? Urefu? Macho yako rangi gani?"

"Kijani, babu."

"Sogea. Kijani wapi? Hayo ni ya kahawia. Miwani huvai? Haya, kaa."

Tamsin akakaa, na machozi yakamtoka bila kuombwa. Nyuma yake foleni ikaguna. Fundi bomba mmoja akapaza sauti, "Jamani, wengine tuna kazi!"

"Na wewe nilikusubiri ulipokuwa unachana ndevu," Szabo alimjibu. Akatoa leso yake mwenyewe mfukoni, ilikuwa imepigwa pasi, akampa msichana. "Pangusa taratibu. Sikupigi ukiwa unalia. Sura hii utatembea nayo miaka mingi."

Akangoja. Hakuna aliyewahi kumwona Szabo akimngojea mrembo. Msichana alipotulia, akamuuliza lile swali lake.

Tamsin alifikiri. "Nitampa mama," alisema. "Yake yamechoka kwa kushona."

Taa ikamulika.

Szabo aliinama juu ya mashine yake, akaitazama picha, akavua miwani, akaivaa tena. "Hii," alisema polepole, "nimeipenda."

Corinne alipiga makofi kwa namna ya mtu anayemshangilia mdogo wake wa tumbo moja.

"Nipe niondoke nayo, babu," Tamsin aliomba. "Tafadhali. Bi Roz ananingoja."

"Haitoki hivi hivi, mwanangu. Toka mlango wa nyuma, Bi Doris yuko uwanjani. Yeye ndiye wa kukubali au kukataa."

Tamsin alinyoosha gauni, akainua kidevu, akatoka kwa mwendo aliofundishwa, mguu mbele ya mguu. Uwanja ulikuwa mtupu, umechorwa mistari myeupe. Mama mmoja mnene alisimama pale, kalamu sikioni, akamkagua kutoka utosini hadi kwenye visigino.

"Visigino hivyo virefu mno."

"Nivue?"

"Wenzako wote huvua."

Akavua. Bi Doris, kwa upole, akamfungulia mlango wa gari dogo la kijivu, akazunguka akakaa upande wa pili. Tamsin aliweka mikono juu ya usukani kwa madaha, akageuza shavu kwenye mwanga, akatulia kabisa akingoja taa nyingine imulike.

"Umependeza, mwanangu," alisema Bi Doris, akifunga mkanda na kuushika sana. "Sasa washa gari, utoke taratibu hadi barabarani. Ukinirudisha hapa mzima, nitakupa leseni yako ya udereva, imeandikwa kama utachangia viungo ukifa, na picha imo humo humo."