Ombi Lisilofutika

Kadi ya Curtis Beaulieu ilikataa getini saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Marlys.

"Wee mama kompyuta, kadi yangu inatoa taa nyekundu tu. Umenifukuza kazi au vipi?" Alikuwa anacheka. "Fungua bwana, baridi ya huku nje inauma mpaka meno."

Marlys hakucheka. Alilikumbuka jaribio lake la jana.

Kwa miezi mitatu alikuwa na kazi moja: kuunganisha mtambo wa taratibu na seva ya kati. Mtambo ndio unaobeba kila ombi la kampuni, iwe likizo, ajira au kuachishwa kazi, ukalipitisha meza hadi meza mpaka likubaliwe. Seva ya kati ndiyo inayozungumza na mageti, mishahara na bima. Marlys aliandika programu ya kuviunganisha: ombi likikubaliwa huku, kule linatekelezwa bila mkono wa mtu. Jumatatu ikawashwa rasmi, naye akaleta donati za kusherehekea.

Jana jioni alifanya jaribio la mwisho lililobaki, la kuachisha kazi. Mtambo haukubali majina ya kubuni, kwa hiyo mafundi wa pale wana mazoea ya kujaribu kwa majina ya marafiki, kwa utani tu. Marlys aliweka watatu, Curtis wa kwanza. Anwani ya seva ya majaribio na ya seva halisi ya kati zimekaa kwenye faili moja, mstari chini ya mstari. Sasa hakuwa na uhakika hata kidogo kwamba alichukua ile ya majaribio.

Akafungua orodha ya seva halisi. Curtis alikuwepo. Chini yake walikuwepo wengine, na wengine. Akahesabu: arobaini na mmoja, ghala zima la mjini Duluth, anakofanya kazi Curtis.

"Mungu wangu, imejirudia," alinong'ona. Programu yake isipojibiwa hutuma tena. Bila shaka usiku kucha ilikuwa ikituma, na kila ikituma inazoa majina yaliyo jirani kwenye orodha.

Mageti yalikuwa yameshawafungia. Barua pepe zao zilikuwa zimeshafungwa. Hatua ya mwisho ilipangwa saa sita kamili mchana: bima. Na Renee, mke wa Curtis, alikuwa ameshalazwa; kesho asubuhi angepandikizwa figo ya dada yake. Bima ikikatika leo, hospitali haimgusi.

Akatuma amri ya kufuta. Mtambo ukajibu: *Huna ruhusa. Ombi hufutwa na aliyelifungua.*

"Si ndiye mimi!" aliifokea skrini. Akabadilisha nywila, akatuma tena. *Huna ruhusa.* Alijaribu mara tano, jibu likawa lile lile.

Angekwenda kwa bosi, lakini mlango wa Lindqvist ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, pazia limeshushwa. Na tusidanganyane, alimwogopa. Mtu aliyefukuza watu arobaini na mmoja kwa kidole kimoja hasamehewi kwa sababu alileta donati.

Simu ikalia tena.

"Marlys, tumeshafika kumi na tano hapa getini. Mlinzi hataki hata kututazama usoni." Utani ulikuwa umemwisha. "Halafu hospitali wanataka namba ya bima, wakamilishe fomu za Renee. Niwape ile ile, sivyo?"

"Wape ile ile," alisema. "Nipe muda kidogo, Curtis. Nalishughulikia."

Saa tano na dakika hamsini na nane alifanya jambo ambalo fundi mwenye akili timamu halifanyi mchana wa kazi: aliizima seva ya kati yote. Mageti, mishahara, barua, kila kitu kikanyamaza.

Saa sita ikafika, ikapita. Kwenye mtambo, hatua ya bima ilibaki *inasubiri* kwa wote arobaini na mmoja. Marlys alilaza kichwa mezani, akalia kwa furaha bila aibu.

Mlango wa Lindqvist ukafunguliwa.

"Nani amezima?"

"Mimi, bosi. Nisamehe. Jaribio langu la jana limeingia kwenye seva halisi. Watu wote wa ghala, Curtis, na mkewe kesho..."

Lindqvist aliinama kwenye kibodi ya Marlys, akafungua ukurasa wa seva ya majaribio. Majina matatu, yametekelezwa jana jioni, bila hitilafu hata moja.

"Jaribio lako halina tatizo," alisema taratibu, bila kumtazama. "Wale arobaini na mmoja nimewaachisha kazi mimi; ombi lao nililifungua mwenyewe. Iwashe, Marlys."