Ng'ambo ya Kitabu

Ulipita dirishani, ukaona, ukageuza shingo. Watoto kumi na mmoja walizunguka meza moja, na kitabu kilikuwa kimoja.

Siku mkaguzi alipokuja, Mwalimu Tunu alijua kwamba atakayeshindwa kusoma atarudishwa darasa la kwanza. Mwanaidi, mmoja wa watoto hao, alipewa karatasi, akaigeuza kichwa chini, akaanza kusoma bila kukwama.

"Unanichezea, binti?" Mkaguzi akaigeuza sawa. Mwanaidi akazitazama herufi kama mgeni, asitambue hata moja.

"Anasoma, mzee," Mwalimu akasema. "Miaka miwili amekaa ng'ambo ya meza. Kitabu hajawahi kukiona kutoka upande huu."

"Si angehama?"

"Ahamie wapi? Upande huo wamepakatana."

Mkaguzi akacheka, akafungua daftari lake, akaanza kuandika. Mwalimu akabaki na chaki mkononi. Barua za kuomba vitabu alishaandika mpaka akachoka.

Mwanaidi, aliyesimama mbele ya mkaguzi, ng'ambo ya daftari, aliifuata kalamu kwa macho, akasoma kwa sauti, taratibu, bila kukosea: "Mwanaidi hajui kusoma."

Kalamu ikasimama.

Irudishe shingo yako. Mpelekee kitabu leo, kabla kalamu ile haijaweka nukta.