Kitako cha Chungu cha Mama

Tangu ardhi yote izibwe kwa zege na udongo uwe wa kiwandani, hakuna chungu kilichonukia mvua kikitiwa maji. Mfinyanzi Nakiete hakukubali. Mara ya arobaini akakoroga udongo ule na majivu na kutu ya misumari mpaka ukawa uji, akaupaka kwenye chungu kipya, akakichoma, akakitia maji. Akanusa, akaambulia patupu.

Akaenda kabatini kunusa chungu cha marehemu mama yake, cha udongo halisi, asije akasahau anachokitafuta. Akakuta kimebaki kitako tu.

Nyuma yake alisimama bintiye Sifa, mjamzito wa miezi saba, midomo myekundu kwa vumbi la chungu.

“Nisamehe, mama. Hamu ilinizidi.”

Nakiete akakinusa kile kitako, akampa.

“Tafuna polepole, mwanangu. Huyo tumboni ndiye wa mwisho kuonja ardhi.”