Mwanafunzi wa Orrin Tveit

Verlene Haskett alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi kavu, akijifanya hajui namna ya kufungua miguu ya bunduki, ile miwili ya kuegemezea mtutu. Alibonyeza pasipobonyezwa, akavuta pasipovutwa. Kwa mwanamke aliyetengeneza miguu ya aina hiyo kwa mikono yake kwa miaka kumi na tisa, kukosea namna ile ilikuwa kazi ngumu.

"Polepole, mwanafunzi," alisema Orrin Tveit, akipiga goti kando yake. "Miguu hiyo haikimbii."

Orrin alikuwa mgane wa miaka sitini na miwili, bingwa wa klabu ya kulenga shabaha za mbali huko Wyoming, Marekani. Verlene alimwona mwezi wa tano, akijicheka baada ya kukosa shabaha rahisi, na moyo wake wa miaka hamsini na saba ukaruka kama mwana-mbuzi. Kabla hajajizuia, alikwisha kuropoka kwamba ana bunduki ya marehemu mumewe, anataka kujifunza mchezo, ila hajui achague miguu gani ya kuisimamishia.

Orrin alisema atamsaidia kuchagua. Mashindano yalikuwa baada ya wiki saba.

Klabuni hakuna aliyemjua Verlene. Kazi zake aliziuza kwa jina la karakana yake, nyingi kwa posta. Alijiambia siri iko salama.

Kila Jumamosi Orrin alikuja na miguu mingine aliyoazima kwa marafiki. Alimfundisha kuisukuma bunduki mbele kwa bega mpaka miguu ikaze, kisha afyatue. Ikiwa jicho lake kwenye darubini bado linaliona bamba la chuma kule yadi mia sita, basi miguu ni imara. Verlene alisikiliza kwa macho makubwa kama mtu anayeambiwa siri ya serikali. Akiwa njiani kurudi nyumbani alicheka mpaka ikabidi aegeshe gari pembeni.

Ajabu ni kwamba hakuna iliyomridhisha mwalimu. Ya kwanza ilicheza. Ya pili iliteleza kwenye mwamba. Hiyo kweli ilikuwa mibovu, Verlene aliliona hilo kabla yake. Lakini ya tatu Orrin aliikataa kwa kuwa ni nyeusi mno na jua la Wyoming ni kali. Ya nne, alisema, ilimkumbusha shemeji yake.

Jumamosi ya tano Verlene alishindwa kuvumilia. Alileta ya kwake mwenyewe, jina amelifuta kwa tupa, akadai kaiokota kwenye mnada. Orrin akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Bunduki ilipolia, darubini haikutikisika hata unywele.

"Si mbaya," alisema. "Lakini haraka ya nini? Jumamosi ijayo tutazame na nyingine."

Verlene aliuma ulimi. Kazi ya miaka kumi na tisa inaitwa si mbaya! Hata hivyo usiku ule alilala akitabasamu, maana alikuwa amepata Jumamosi nyingine.

Siku ya mashindano upepo ulivuma kama umetumwa. Verlene alitumia miguu ileile aliyoileta mwenyewe, akapiga mabamba manane kati ya kumi. Orrin alipiga saba. Watu walimzunguka Orrin wakimpongeza kwa kufundisha mtu wiki saba mpaka mtu huyo akamshinda, na yeye alicheka kuliko wote.

Baadaye walikaa wawili nyuma ya pikapu ya Orrin, wakila maharagwe ya nyama na mikate ya mdalasini. Hapo ndipo Verlene alipoanza kupiga hesabu. Miguu imepatikana, mashindano yamekwisha, Jumamosi hazina kisingizio tena. Na mtu mwema namna hii kasifiwa mbele ya watu kwa uongo wake Verlene.

Akaweka bakuli chini.

"Orrin, kuna jambo sikukwambia."

"Hebu langu kwanza, ni dogo." Orrin alivuta kutoka pikapuni bunduki ambayo hakuwahi kuileta uwanjani, akailaza mapajani, akaukunjua mguu wa kushoto. "Springi ya hapa imelegea. Utanitazamia, fundi? Nilikuja mwenyewe kuichukua miguu hii karakanani kwako mwaka juzi, nikasimama mlangoni nusu saa nzima, nawe hukuinua hata kichwa."